Ndevu za Mama

S.L.P. 41,
Kakuma.
21 Oktoba 2013

Mpendwa ndugu yangu Ochola,

Ejok! Hujambo huko Uskochi, na baridi yenu je? Jeanine mkeo hajambo? Mimi mzima wa mwili tu. Duka la vitambaa linasukuma siku, na jua la hapa unalijua.

Habari yenyewe ni ya mama, na si njema. Presha imepanda tena. Anaamka na kichwa kinamuuma, na Jumapili alitokwa na damu puani kanisani.

Unakumbuka dawa za kwanza zote zilishindwa, ndipo daktari Lomuria wa Lodwar akampa vidonge vipya. Ulifurahi kwenye simu, ukanieleza kwamba vinafungua milango ileile ya potasiamu unayoipima kwa panya wako wa maabara: potasiamu ikitoka katika chembe za mshipa, msuli wa mshipa unalegea, damu inapita kwa nafasi. Ulisema kweli. Presha ilishuka, mama akalala kama mtoto.

Lakini nywele hukunitajia. Zilimwota mashavuni, kidevuni, hadi kwenye paji. Lomuria anasema ni dawa hiyohiyo, na hana nyingine ya kumpa. Nilimnyoa, zikarudi. Akawa anajifunika khanga hadi machoni, akaacha kwaya. Juzi nimevikuta vidonge ndani ya foronya yake, vingi. Kumbe aliacha kumeza zamani.

Nilimfokea, Mungu anisamehe. Akanijibu, "Ochola anakuja Krismasi. Akuje akute mama yake ni mzee wa ndevu? Heri nikufe." Angekuwa mtu mwingine ningesema sikio la kufa halisikii dawa. Nyamal wa kambi ya wakimbizi, rafiki yake, amemsihi. Mchungaji amemsihi. Nimemwambia wewe hujali ndevu, akanigeuzia mgongo. Maji yamenifika shingoni, Ochola. Nimekata tamaa.

Lomuria hakunificha: mshipa wa kichwa unaweza kupasuka siku yoyote. Nywele zimeanza kupukutika, uso unarudi laini, na mama anajitazama kwenye kioo akicheka. Mimi nalia jikoni.

Sasa nakuomba jambo ambalo dada hamwombi ndugu yake. Usije. Mpigie, mwambie umenyimwa likizo, Krismasi huji wala Pasaka. Atalia sana, lakini huenda akameza dawa. Najua huenda msionane tena.

Nyamal anakusalimu. Nisalimie Jeanine na watoto. Mungu awatunze, na uongo huu auandike kwangu, si kwako.

Dada yako akupendaye,
Jerusha