Bosi hakuitwa

Mwanangu Bhoke,

Umeamkaje huko Nyamongo, umekula? Mimi ni mzima ila moyo mzito, na huku Serengeti mvua haikatiki.

Jana asubuhi nilitoka na mama yako mdogo Ghati kumtembeza Bosi, mbwa wako uliyenipa anisindikize safari hii. Nyuma ya shamba la mtama tukakuta tembo, yuko peke yake, amelowa. Bosi akamfuata anabweka. Nikataka kumwita, Ghati akaniziba mdomo. "Wee dada, unataka tufe? Huku mbwa akichokoza tembo haitwi, atakuletea tembo miguuni!"

Basi nikanyamaza. Bosi akawa ananigeukia, anangoja nimwite kama siku zote. Mwisho wakaingia porini, yeye mbele, tembo nyuma.

Hajarudi. Tembo alipoenda zake tulimwita mpaka sauti zikakauka. Nisamehe, mwanangu. Bakuli lake nimeliacha mlangoni, linajaa mvua tu.

Wewe nikikupigia simu pokea, hata kama huna la kusema. Mungu akufunike, uvae sweta.

Mama yako