Tulipokwenda Kumtazama Bundi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimekwisha kukuachia kifua. Huku sisi hatujambo. Mama ndiye hajambo kupita kiasi: yule Redio wetu bado hana kitufe cha kuzimia.

Uliuliza habari za baba, ukasema pia huoni sababu ya kuja kumtazama mtu asiyeweza hata kukutamkia jina. Maneno hayo yaliniuma, ingawa sikulaumu. Tangu apate kiharusi, mkono umeanza kurudi, mguu nao hivyo hivyo. Ulimi ndio uliogoma. Mtaalamu anayemfundisha kuongea alitutahadharisha kwamba akikaa kimya mno atazoea. Nakwambia kweli, mimi nilikuwa nimeanza kukata tamaa.

Nyuma ya kliniki anakofundishwa kuna msitu mdogo, na mlinzi wake alituambia yupo bundi anayeonekana mchana kweupe. Najua utasema bundi ni nuksi. Mama naye alisema hivyo hivyo, njia nzima, huku mimi nikisukuma kiti cha baba. Mlinzi alitusimamisha karibu na mti mkavu, akatuomba tusiongee, akatuonyesha tundu kwa kidevu.

Kaka, bundi mwenyewe hazidi kikombe cha chai! Ana macho ya manjano, kifua cha madoadoa, na sura ya karani aliyeamshwa usingizini. Alipotupa kisogo nikaona macho mengine mawili nyuma ya kichwa, nikashtuka. Mlinzi akaninong'oneza kwamba ni alama za manyoya tu, za kuwababaisha wanaomnyemelea. Kisha ndege akaanza kupiga miluzi, kila mmoja ukipanda juu kuliko uliotangulia. Baba akainua shingo. Sijamwona akitazama kitu namna ile tangu augue.

Unamjua mama, ukimya kwake ni mzigo. Akaanza kumweleza baba kile ambacho baba alikuwa anakiona mwenyewe: bundi anavyogeuka, anavyofumba jicho, na bila shaka mzee wake anasikia baridi, anataka koti. Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Nyumbani baba akifungua mdomo tu, sisi tumeshammalizia: maji, shuka, dirisha. Tulidhani tunamsaidia, kumbe tunamnyang'anya zamu yake.

Sasa sikia. Baba alikunja uso, akahangaika na midomo, mama bado yuko kwenye koti, na mara neno likatoka, zito lakini zima: "Nyamaza!"

Mama hajawahi kunyamazishwa na mtu tangu azaliwe. Alinyamaza. Kisha akalia, akacheka, akapiga vigelegele, bundi akaruka zake, mlinzi akashika kichwa. Nilifurahi mno. Siku hizi tunajitahidi kumsubiri baba amalize mwenyewe, hata chai ikipoa. Mama ndiye mgumu: anaongea makusudi, ili aambiwe tena anyamaze.

Msalimie sana wifi na uwabusu watoto. Mama anakusalimu kwa maneno ambayo karatasi hii haitoshi. Baba naye nilimuuliza nikuandikie nini, nikaweka kalamu chini, nikangoja. Nilingoja sana, mama kaziba mdomo kwa viganja vyote viwili asije akamsaidia. Jasho lilimtoka baba. Kisha akasema, "Njoo."

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba