Mizinga Katikati ya Mahema

Kivu, tarehe 9 Machi 2024

Tata mupendwa,

Jambo sana. Mama namna gani na mugongo wake? Dada Noëlla amekwisha kuzaa? Mi niko muzima, ilikuwa malaria kidogo tu. Bakubwa betu balitunyang'anya simu zote, ndiyo maana barua hii inapitia kwa Padri Kanku, padri wa basoda wa jeshi letu, anayeshuka huko Katanga.

Tata, kuna jambo linaninyima usingizi. Tangu juma lililopita tumeweka mizinga yetu minne katikati ya kambi ya bakimbizi. Nilipima mi mwenyewe: kutoka muzinga wangu mpaka hema la kwanza ni hatua kumi na nane. Kila tunapopiga, mahema yanatikisika, na batoto banaziba masikio.

Kuna mama mumoja, Simone, anapika mikate ya mafuta na kuiuza mbele ya hema lake. Amekuja kwetu mara tatu. Jana aliniambia: "Mwanangu, sisi tulikimbia mabomu. Sasa munatuletea mabomu mulangoni. Musogee."

Nikapeleka maneno yake kwa komanda. Nikamukumbusha zile siku tatu tulizofundishwa sheria za vita, kwamba muzinga hauwekwi kati ya batu basio na silaha, maana adui akijibu, bao ndio banakufa. Komanda akacheka. Akasema mahema haya ni ukuta muzuri kuliko mifuko ya muchanga, upande ule hautathubutu kupiga bakimbizi mbele ya dunia.

Avoka, yule mwanasheria aliyetufundisha, Maître Tatiana, alituachia anwani yake. Nataka kumuandikia. Wewe unasemaje?

Mutoto wako,
Ezéchiel

*

Kolwezi, tarehe 27 Machi 2024

Mwanangu Ezéchiel,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako sasa anatembea mpaka kanisani bila fimbo. Noëlla amezaa musichana, tumemuita Shekina. Mvua bado inanyesha.

Barua yako niliisoma mara mbili, na mama yako sikumusomea. Unaijua nyumba yetu. Kaka yako Gael alifukiwa na udongo kule kwenye mugodi wa Mashamba, tukachimba siku mbili tukapata kiatu chake. Ni mi niliyekutoa kwenye mashimo nikakupeleka jeshini, nikifikiri kwamba soda angalau anazikwa na jina lake. Sina mutoto mwingine mwanaume.

Basi nyamaza. Mi nilikuwa karani wa mugodi miaka thelathini na moja. Niliona batu bakiandika juu ya bakubwa bao, na niliona namna balivyokwisha. Usiandike kitu. Fanya kazi yako, rudi muzima. Sheria hizo ni za bale banaokaa ofisini. Huyo Mama Simone ana miguu, kama anaogopa ahame.

Ni mi Tata yako,
Kyungu

*

Kivu, tarehe 19 Mei 2024

Tata,

Jambo. Natumaini mama anaendelea muzuri. Munibusie Shekina.

Nilikutii. Sikuandika.

Ijumaa tarehe kumi, alfajiri, tulipiga mabomu kumi na mawili. Kisha tukafunga mizinga nyuma ya malori, tukaondoka, maana amri ilikuwa kupiga na kuhama. Bakimbizi hatukubaambia neno. Nusu saa haikupita, majibu yakaja. Tulikuwa tumekwisha kufika kwenye lami. Nilisikia yakianguka nyuma yetu, nikahesabu saba. Hakuna soda hata mumoja aliyekwaruzwa.

Tuliporudi tulizika batu kumi na tisa, bengi bao batoto. Mama Simone ni mumoja wao. Hakuhama, Tata. Mume wake René hana nguvu za miguu tangu zamani, angemubeba ampeleke wapi? Siku ile René alikuwa amelazwa kwenye hema la baganga, hospitali ya kambi, ndiyo maana alipona. Nilimukuta amekaa chini karibu na kaburi. Akaniuliza: "Mulijua?"

Redio inasema upande ule ni bauaji, na ni kweli, baliona mahema na bakapiga. Lakini juu yetu hakuna redio inayosema. Sasa tume inakuja kuchunguza. Komanda ameandika karatasi kwamba mizinga ilikuwa kwenye kilima, kilometa tatu kutoka hapa. Bote bametia sahihi, mi bado.

Nimefika kwa Maître Tatiana. Anasema neno langu peke yake halitoshi, anahitaji kitu kilichoandikwa kabla ya siku ile. Nikakumbuka barua yangu ya Machi. Ina tarehe, ina hatua kumi na nane, ina maneno ya komanda. Sista Yolande wa parokia atakuja nyumbani kuichukua. Mupe, Tata. Ninakuomba.

Mutoto wako,
Ezéchiel

*

Kolwezi, tarehe 11 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu. Sisi tuko bazima.

Sista Yolande alikuja. Nilimupa chai, nikamuambia barua ilipotea. Wewe sitakudanganya. Niliichoma siku ileile niliyokujibu, kwenye mbabula ya mama yako, juu ya makaa aliyowasha kupikia bukari ya jioni. Aliponiuliza ninachoma nini, nikamuambia ni karatasi za zamani za kazi. Niliona jina lako chini ya maneno yale, nikaogopa.

Sasa nisikilize mara moja tena. Tia sahihi. Bale kumi na tisa habatarudi kwa ajili ya karatasi. Ukikataa, utakuwa wa ishirini, na mi sitaweza kumutazama mama yako.

Tata yako,
Kyungu

*

Kivu, tarehe 2 Septemba 2024

Tata,

Jambo. Mi niko muzima. Natumaini na mama pia.

Sikutia sahihi. Nilisimama mbele ya tume nikasema hatua kumi na nane. Bakaniuliza ushahidi uko wapi. Komanda akatoa karatasi yenye sahihi thelathini na nne. Mi nilikuwa na mudomo tu. René naye alibebwa kwenye kiti akaja kusema. Bakamuambia kwamba mutu mwenye matanga hawezi kupima umbali. Mwishoni bakaandika: haikuthibitishwa.

Komanda amepandishwa cheo. Mi nimetolewa kwenye mizinga, ninachimba vyoo, ninangojea kuhukumiwa kwa kumutukana mukubwa. Mizinga yenyewe imehamia kambi nyingine, chini ya kanisa. Kutoka hapa ninaiona katikati ya nguo zilizoanikwa.

Juzi René aliniuliza kama baba yangu bado yuko. Nikamuambia ndiyo. Akasema, "Muzuri," akageuza uso.

Uliandika kwamba uliogopa. Ninajua. Ulitaka mutoto muzima, na unaye.

Uniandikie habari za mama, na Shekina akianza kutembea. Shauri usinipe tena.

Mutoto wako,
Ezéchiel