Viti vya Kipngetich

Matisi, Kitale

Kwa Mama mpendwa,

Kitale nzima hakuna kijana wa kunifikia, na hata wewe uliyenizaa sidhani umeshaelewa ulileta nini duniani. Nikishasema hayo, nakusalimu kwa heshima. Nyanya yetu Kukhu anaendeleaje na mguu tangu uende Bokoli kumuuguza? Mimi na mdogo wangu Noah tu wazima. Barua hii anakuletea Wakoli. Simu ninayo, lakini kuna maneno siwezi kuyasema nikisikia unavyopumua upande ule.

Uliniachia kazi moja. Watu wa ofisi ya nyumba wakija kukagua, niwaonyeshe chumba chetu vile kilivyo, basi. Fomu ulijaza mwenyewe, ukapiga foleni siku tatu, ili tupate nyumba ya kodi nafuu kabla mwenye ploti hajabomoa hapa mwisho wa mwezi.

Walipiga simu Jumanne, ati wanakuja kesho yake. Sasa mama, mtoto wa marehemu Mukhwana awakalishe wageni wa serikali juu ya mitungi? Nilienda kwa jirani Kipngetich nikaazima viti vyake vya sofa, vitambaa na televisheni. Aliniuliza kama naoa. Nikamwambia wasichana bado wako kwa foleni. Halafu nikamchinja yule kuku wako mwekundu, kwa sababu ni wewe ulinifundisha mgeni haondoki kwetu bila kuku. Ugali nilisonga mwenyewe, na ulistahili kupigwa picha.

Walikuja wawili. Mkubwa wao, Bi Chepngeno, ni mama mpole wa rika lako. Alikula, akashukuru, kisha akauliza viti ni vya nani. Nikasema ni vyetu, tena seti nyingine iko nyumbani Bokoli. Akaviangalia, akaniangalia, akauliza tena polepole. Nikarudia. Akaandika.

Ijumaa majina yalibandikwa. Letu liko kwa karatasi ya pili, ya waliokataliwa, ati familia inajiweza. Nilimfuata ofisini nikamweleza ukweli wa viti. Alisema rufaa ni siku kumi na nne, lakini anayesikilizwa ni mwenye fomu, yaani wewe. Siku tano zimeshaenda. Kwa hiyo uje, mama. Kukhu ataangaliwa na Nelima wa hapo Bokoli.

Nilitaka kufungia hapo, kwa viti, maana viti vinachekesha na ungekuwa umenisamehe kabla gari halijafika Webuye. Lakini ukikaa mbele ya Bi Chepngeno atakusomea jambo lingine, na sitaki ulisikie kwake kwanza. Kwenye fomu uliandika kwamba paa linavuja juu ya kitanda chako, na kwamba mvua ikinyesha unalala umekaa. Karai lako la kukinga maji nilikuwa nimelificha chini ya kitanda. Aliniuliza kama uliyoandika ni kweli. Niliona aibu, mama. Nikacheka, nikamwambia mama yangu hupenda kutia chumvi. Ndivyo ilivyoandikwa, na sahihi iliyo chini ni yangu.

Msalimie Kukhu, na wote wanaoniulizia hapo Bokoli. Karai nimelirudisha mahali pake. Jana usiku lilijaa mara mbili.

Ni mimi mwanao,
Mukhisa