Dakika Kumi na Moja Mlango Ukiwa Wazi

Shoga, ngoja nikusimulie. Usicheke.

Leo nimeweka tovuti mpya ya hospitali hewani. Wageni wapitie seva ya proksi, yule bawabu wa kuwaelekeza kwenye tovuti, rejista za wagonjwa zibaki ndani, nyuma ya ukuta wa moto unaozuia watu wa nje. Kazi niliyoizoea!

Nikaijaribu kwa Wi-Fi ya ofisini, ikafunguka safi. Wi-Fi ya ofisini, shoga! Tukiwa ndani hatupitii proksi hata kidogo. Mimi huyu ninayewagombeza wenzangu wajaribu kwa simu, wakiwa nje!

Nikamtumia shangazi kiungo, aone kazi ya mwanawe. Akapiga: "Mwanangu, mbona naona majina ya wagonjwa?"

Majina ya wagonjwa!! Proksi nilikuwa nimeielekeza kwenye rejista ya wodi ya wazazi. Nikafunga mbio mbio, jasho linanitoka.

Dakika kumi na moja. Nikakagua kumbukumbu za proksi: aliyeingia ni mmoja tu, shangazi. Nikashusha pumzi. Nikampigia, nikamwomba asahau yote aliyoyaona.

 Akaniuliza taratibu: "Nisahau na jina la mchumba wako, pale walipoandika baba wa mtoto?"