Shivachi, Nimepanda Juu ya Nyumba Yako

Shivachi, mjukuu wangu, bwana wangu mdogo,

Usishangae kuona mwandiko wangu. Shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuchunga ng'ombe, lakini mkono ninao na kalamu ninayo. Na wewe sasa huna pa kukimbilia, kwa hivyo utanisikiliza.

Kwanza nikugombeze. Ulisema, "Kukhu, ni kahoma kadogo tu." Kahoma! Nikakuambia twende hospitali, ukaniambia watalii wanakungoja Buyangu uwatembeze msituni. Malaria ikakupanda kichwani. Watalii walirudi kwao, na mimi nimebaki na sufuria kubwa kunizidi. Bado napika obusuma, ugali wa watu wawili. Kuku ndio wananenepa.

Gari yako iko palepale karibu na lango, mahali ambapo kwetu kijana hujenga nyumba yake, ulipoiweka siku ile trekta ya miwa iliivuta kutoka Buyangu. Watu walicheka! Wazungu wameharibikiwa na gari yao ya kulala, injini imekufa, wamekuachia, na wewe unaleta maiti ya gari nyumbani. Hata mimi nilicheka. Halafu ukanifungulia mlango, nikaona kitanda, jiko, kabati, hata choo. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana nyumba kunishinda.

Ndiyo maana siku ya kukuzika walinichoma. Mzee Ingosi, mdogo wa babu yako, alisimama mbele ya watu akasema, "Kijana huyu hana nyumba. Gari ni gari." Na kwetu mwanaume mzima hazikwi bila nyumba. Basi wakachomeka miti minne, wakafunika na nailoni, wakaliingiza jeneza lako humo. Nailoni, Shivachi! Kama mtu anayeuza mayai kando ya barabara. Mvua ilipiga ile nailoni nikahisi inanipiga mimi. Kisha wakakuzika kule nyuma, penye migomba, kama mpita njia. Sikulia. Nilikuwa nimekauka. Wakasema huyu mama ana roho ya jiwe.

Mahindi yalipovunwa, Ingosi akaanza maneno mengine. Ati kuna watu wa vyuma chakavu wanaitaka hiyo gari, kwani inakaa bure na imeota majani.

Kweli, ilikuwa imeota. Paa lako jeupe, uliloliosha kama sahani, lilikuwa kijani kama chura. Kuvu, majani ya mkaratusi, mavi ya ndege, majivu ya miwa. Nikaingia ndani nikakuta maji yanadondoka juu ya kitanda chako. Shuka yako ya maua imelowa chapachapa. Na pale juu, pembeni ya kile kidirisha cha paa, Ingosi alikuwa amepaka lami wakati wa matanga, vile watu wanazibanga mabati yao. Alidhani anasaidia. Lami imepasuka kwa jua, maji yanapita chini yake. Uliwaambia mara ngapi hili paa si bati, ni plastiki ngumu, na lami inaila?

Nilikaa mlangoni nikawaza. Paa likioza, hawa wameshinda. Gari itapandishwa kwenye lori, na hapa nyumbani hakutabaki hata kitu kimoja cha kuonyesha kwamba Shivachi aliishi kama mwanaume.

Nikaleta ngazi.

Unajua kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Hata bati lipeperuke, anangoja mwanaume. Nimetii hayo tangu niolewe. Lakini wanaume wa boma hili walikuwa wapi? Mama Rosa, yule jirani, aliishika ngazi akipiga kelele, "Mama, utavunja kiuno!" Nikamwambia kiuno ni changu, yeye ashike ngazi.

Nilifanya vile ulifanyanga. Si nilikuwa nasimama chini nikikutukana ushuke ule? Macho yalikuwa yanasoma. Niliweka ubao nisikanyage pale palipo laini. Nikafagia uchafu mkavu kwanza. Maji, sabuni kidogo, brashi laini. Siku niliyokuletea ya waya ulinikemea: "Kukhu, utalikwaruza, na maji yatapata njia." Basi nilisugua kipande kidogo kidogo, nikisuuza kabla sabuni haijakauka. Lami niliibandua kwa mwiko wangu wa mbao, na mwiko wenyewe umekwisha. Ni wako sasa.

Ndipo Ingosi akapita.

"Shemeji! Shuka! Mwanamke anapanda juu ya nyumba?"

Nikauliza kwa sauti, na wa barabarani wasikie: "Juu ya nini?"

"Ya nyumba!"

"Nyumba gani, Ingosi? Si ulisema gari ni gari? Mwanamke kupanda gari kumekatazwa tangu lini? Chagua moja. Ikiwa ni gari, niache nioshe. Ikiwa ni nyumba, basi mjukuu wangu alikuwa na nyumba, na nyinyi mlimlaza kwenye nailoni."

Mama Rosa alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Ingosi hakucheka. Maji ya sabuni yalimdondokea viatuni, naye akaenda zake.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, alirudi amevaa koti lake la heshima. Alisema, "Nimekuja kwa nyumba ya Shivachi." Akapanda mwenyewe, magoti yakilia. Nilikusimulia babu yako alipokufa walivyovunja kijiti cha juu ya nyumba yake ya nyasi, ijulikane mwenyewe hayuko. Gari yako haina kijiti, ila ule mlingoti wa redio katikati ya paa. Ingosi aliushika kwa mikono miwili akaung'oa, akaja akaulaza mbele yangu.

Ndicho nilichokitaka. Na nilipouona umelala kwenye nyasi, nililia, Shivachi. Nililia mpaka nikakaa chini. Nilipigana ijulikane una nyumba. Sasa imejulikana, na imejulikana kwamba humo ndani hamna mtu.

Mawingu nayo yakaanza kukusanyika upande wa msitu, kama kila alasiri, na paa lina tundu pale mlingoti ulipong'olewa, na pembeni ya kidirisha nilipobandua lami pako wazi. Ingosi akasema tutaziba kesho. Nikamwuliza, mvua ni mke wako, uiambie ingoje? Nikachukua ile gundi nyeupe ya mpira uliyoibakisha kabatini, nikapanda tena. Ulisemanga haishiki penye maji, kwa hivyo nilipangusa kwa leso yangu mpaka pakakauka. Nikaziba pote pawili. Nikazungusha kidole pembeni vile ulifanyanga. Alama ya kidole changu iko pale. Mvua ilikuja, nikakaa kwenye kitanda chako nikitazama juu. Hakuna tone.

Basi lala. Kaburi sitalihamisha. Lakini kila mvua zikikaribia nitapanda na brashi, na wanaosema waseme. Siku magoti yangu yatakataa, Ingosi atapanda, na mimi nitasimama chini nimtukane kama nilivyokutukana wewe.

Na siku nitakapokuja huko, usinipokee na hadithi ya kahoma kadogo.

Ni mimi,
Kukhu wako