Swali Tulilorudi Nalo Kutoka Pangani

Kijiji cha Kinyangiri,
Wilaya ya Mkalama,
Singida.
16 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Tatu,

Assalaam alaykum. Najua kwamba ulipouona mwandiko huu ulisema shikamoo kabla ya kufungua bahasha, marahaba sana. Kwanza naomba radhi. Barua yako ya mwezi wa Ramadhani ilinifikia salama, nikaiweka ndani ya kamusi ili niijibu kwa utulivu, na humo ikakaa karibu miezi sita. Sina udhuru. Kwa miaka thelathini na minane niliwafundisha watoto kwamba barua hujibiwa, kisha mimi mwenyewe nikanyamaza. Nisamehe.

Hujambo wewe? Mguu wa shemeji Rajabu umepona, au bado anatembelea gongo? Je, mikorosho ya huko Newala imechanua vizuri mwaka huu? Sisi ni wazima. Wifi yako Salama husumbuliwa na magoti asubuhi, lakini jua likipanda huyasahau. Alizeti ilikuwa ya kuridhisha.

Habari kubwa ni kwamba tumesafiri. Unamkumbuka Mwalimu Miraji, jirani yetu tangu enzi za nyumba za walimu, na mkewe Hadija. Miraji alistaafu mwaka mmoja baada yangu, na kila tulipokutana alirudia neno lilelile, kwamba sisi wanne tutakufa bila kuiona bahari. Mwishoni mwa Agosti tukakodi gari aina ya Noah kwa Moez, yule kijana wa mzee Gulamhussein wa Singida Mjini, pamoja na dereva wake, mtu mzima aitwaye Melkiori. Tulipanga siku nane: kwenda Dodoma kuona mashamba ya zabibu, kisha Tanga na Pangani, kisha kurudi. Hatukuwa na haraka wala shughuli. Niliandaa ratiba kwa nakala mbili, na Miraji hakuacha kunisumbua nayo. Kila tuliposimama aliuliza, "Mwalimu Mkuu, kengele ya kujisaidia imelia, au bado tuko kipindi cha pili?"

Melkiori ni dereva mwema ila anapenda kasi. Tulipopita Manyoni, Hadija alimwambia, "Baba, punguza. Sisi wanne tumestaafu, hakuna anayetusubiri ofisini." Tangu hapo tulikwenda mwendo wa kistaarabu. Hata malori yalitupita.

Siku mbili tulikaa Hombolo, kwa mkulima aitwaye Paschal, ambaye kaka yake alifundisha nami. Walikuwa katika mavuno. Mizabibu imepandwa kwa mistari iliyonyooka, imeegemezwa kwenye waya, na wanawake wanapita katikati wakikata vishada kwa mikasi na kuvipanga kwenye kreti. Paschal alinionyesha kifaa kidogo cha kupimia utamu: unadondosha tone la maji ya zabibu kwenye kioo, unaelekeza juani, unachungulia, na ndani unasoma kiasi cha sukari. Nilipima vishada kumi na kimoja nikaandika vipimo vyote. Salama aliniuliza kama nitavipa na nafasi darasani.

Paschal alitutania sana. "Wazee wa Singida, mmetoka mbali hivyo kuja nchi ya mvinyo kunywa maji?" Miraji akamjibu, "Sisi tunaila zabibu ingali na akili zake." Tulikula zabibu mpaka meno yakauma, na usiku tulilala kama watoto.

Siku ya nne tulifika Tanga na ya tano Pangani. Tatu, wewe umeizoea bahari, kwa hiyo utacheka. Salama, mwanamke wa miaka sitini na sita, alivua viatu, akaingia maji ya kifundo cha mguu, akasimama hapo kwa muda mrefu. Hadija yeye alichota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Kumbe ni ziwa letu la Singidani tu, limezidi ukubwa!" Ninakiri kwamba nilikuwa na furaha ambayo sikuipata tangu nilipostaafu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niitoe barua yako kwenye kamusi.

Asubuhi ya siku ya sita tulikuwa tunakunywa chai kwenye baraza la nyumba ya wageni. Simu ya Miraji ikalia. Masikio yake yamepungua, hivyo simu yake huwa kwenye sauti kubwa siku zote, na anayepiga husikiwa na watu wote. Alikuwa kijana wake Athumani, ambaye sasa ni fundi umeme Dodoma. Akamwamkia baba yake, akasitasita, kisha akasema, "Baba, naomba ruhusa yako nilete barua ya posa kwa Mwalimu Iddi. Nataka kumwoa Pendo."

Pendo wangu mimi! Miraji alisimama akamwaga chai. "Kuanzia leo usinitanie tena, mimi ni mkwe wako!" Nami nikamwambia ajiandae, maana binti yangu ni muuguzi na mahari yake itawamaliza ng'ombe wote wa Kinyangiri. Tulicheka tukashikana mikono. Hata Melkiori alitoka garini kuja kutupongeza.

Kisha niliona kwamba wanawake hawacheki. Hadija alikuwa ameweka kikombe chini. Salama akasema taratibu, "Miraji, kaa kwanza."

Hadija ndiye aliyesema. "Pendo nilimnyonyesha mimi."

Utakumbuka mwaka 1993, mwezi wa Oktoba. Mimi nilikuwa Dodoma kusahihisha mitihani ya darasa la saba. Salama alishikwa na malaria kali, akapelekwa hospitali kwa lori la pamba akiwa hajitambui, akalazwa siku tatu. Pendo alikuwa na miezi minne, akabaki nyumbani mikononi mwako. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Hadija wakati huo alikuwa ananyonyesha mdogo wa Athumani, akamsikia mtoto wetu akilia, akaja akampa ziwa. Salama aliporudi aliambiwa tu kwamba jirani alisaidia, akamshukuru, na mambo yakaishia hapo. Mimi niliporudi niliuliza kama paa limevuja. Juu ya mtoto alikula nini siku tatu zile, sikuuliza, wala sikuuliza kwa miaka thelathini na mmoja.

Wewe unaijua sheria yetu. Mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke huwa mtoto wake, na watoto wote wa mwanamke yule huwa ndugu zake. Ikiwa ni hivyo, Athumani ni kaka wa Pendo, na ndoa hiyo haipo.

Ratiba ilikuwa na siku mbili zaidi. Hatukuzitumia kwa furaha. Tulirudi kwa njia ileile, na ndani ya gari hakuna aliyezungumza isipokuwa kuomba maji. Tuliposimama Morogoro, Melkiori alinifuata akaniuliza kwa adabu kama kuna kosa amelitenda. Wanawake wetu walikaa kiti cha nyuma wameshikana mikono mpaka Singida, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Miraji hakunitania hata mara moja. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Tulipofika tulikwenda wote wanne kwa sheikh wetu. Alitusikiliza, kisha akatufafanulia kwamba hukumu yake inategemea idadi. Kunyonya kunakofunga udugu ni kushiba mara tano, na kila mara mtoto mwenyewe aachie ziwa kwa kutosheka. Chini ya hapo, watoto hawa si ndugu. Akamgeukia Hadija: "Ilikuwa mara ngapi?" Hadija akalia. "Sheikh, mtoto analia, nani anahesabu?" Anakumbuka jioni ya kwanza kwa yakini, na alfajiri iliyofuata. Siku ya pili anakumbuka kwamba alikuja, lakini hajui kama mtoto alinyonya au alikuwa amelala. Siku ya tatu haikumbuki kabisa. Sheikh akasema hatahukumu kabla ya kumsikia mtu aliyekuwa ndani ya nyumba ile. Mtu huyo ni wewe peke yako.

Nilimpigia Pendo simu nikamwambia wasilete barua ya posa kwa sasa. Akaniuliza, "Baba, nimekosa nini?" Nikamjibu kwamba hajakosa, nikakata simu. Nilimweleza siku iliyofuata. Akasema atasubiri. Athumani naye anasubiri. Miraji huja kila jioni, tunakaa, tunazungumza habari za mvua.

Kwa hiyo nakuomba, mdogo wangu, ukae mahali pa utulivu uirudie nyumba ile kwa kumbukumbu. Maziwa ya ng'ombe yalikuwapo? Ulimlisha kwa kijiko mara ngapi? Hadija alikuja saa ngapi, na alipoondoka mtoto alikuwaje? Usiandike mara tatu kwa sababu unampenda Pendo, wala usiandike mara sita kwa sababu unaogopa dhambi. Kama hukumbuki, andika kwamba hukumbuki. Sitakulaumu kwa jibu lolote, ila nitakulaumu kwa jibu lililopambwa.

Nimekuandikia badala ya kukupigia simu kwa kuwa kwenye simu mtu hujibu kabla ya kufikiri, na sheikh anataka kuyasoma maneno yako yenyewe, yakiwa na sahihi na tarehe. Andika kwa mkono wako. Usimwombe mtoto akuandikie.

Nisalimie shemeji Rajabu kwa heshima zote. Mwambie namwombea mguu wake. Nisalimie Mwajabu na mumewe, na wajukuu wote, hasa yule aliyeanza darasa la kwanza. Salama anakusalimu, na amenituma niandike neno moja: kwamba wakati ule hakukushukuru ipasavyo kwa kumtunza mtoto wake, na anakushukuru leo.

Mwenyezi Mungu akupe afya na kumbukumbu njema, ailinde nyumba yako na kila aliyemo. Barua yako ikifika nitaipeleka kwa sheikh siku hiyohiyo bila kuifungua. Safari hii haitakaa ndani ya kamusi: hukumu ikitolewa, iwe ya heri au ya kuumiza, nitakuandikia kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, isipokuwa Pendo.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,

Iddi Alute